Nimekataa Kidonge cha Mafuta, Mume Wangu Ananisagia kwenye Uji

Dada Shakila, shikamoo. Naomba msaada wako, ila nikwambie mapema kwamba sitaki kuonewa huruma, na wala usilifiche jina langu kama mnavyoficha ya wengine, liandike lote, Eufrazia Kobelo, muuza mboga wa Kihonda, mzaliwa wa Mgeta, miaka hamsini na minne, kwa sababu niliyofanyiwa nimefanyiwa kwa siri na mimi siri zimenichosha.

Mwaka jana mwezi wa kumi niliona mwili umekuwa mzito, nasinzia gengeni huku wateja wamesimama, nywele zinabaki kwenye kitana, na Kihonda hii ya jua kali mimi navaa sweta wenzangu wakijipepea kwa vipande vya maboksi, nikaenda kliniki moja ya mjini wakanitoa damu, na daktari, kijana mstaarabu tu, akaniambia mama una lehemu nyingi sana, yaani mafuta kwenye damu, akaniandikia vidonge vya kuyashusha, wanaviita statini, kimoja kila jioni. Nikamuuliza, "Mafuta yanatoka wapi na mimi nyama ya mafuta sili, karoti na kabichi ndiyo maisha yangu?" Akasema, "Meza tu, mama, watu wengi wanavimeza." Nikamuuliza nitameza mpaka lini, akawa ameshaita mgonjwa mwingine.

Nikameza. Nilimeza kwa ajili ya kaka yangu Anselmi, tumbo moja, ambaye mwaka juzi alipigwa kiharusi akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, mkono wa kulia mpaka leo umelala kama si wake, na mezani lazima mtu amkatie nyama kama mtoto. Nikasema mimi hapana, mimi siendi huko.

Wiki ya tatu mapaja yakaanza kuuma, si maumivu ya kuchoka, ninayajua maumivu ya kuchoka, nimebeba matenga ya njegere mgongoni tangu nina miaka tisa. Haya yalikuwa kama mtu amekamua nyama yangu kama nguo. Ikafika mahali siwezi kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono. Nikampigia binti yangu Witness, muuguzi, anafanya kazi Singida, akasema, "Mama, rudi kwa daktari umweleze, usiache dawa kienyeji." Nikarudi, sikumkuta yule kijana, nikamkuta mwingine ana haraka, akanipa dawa ya kuchua.

Mwezi wa pili akafariki mama yangu mkubwa, yeye ndiye aliyenilea tangu nimeachishwa ziwa. Wewe ni mtu wa Morogoro, unajua sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na katika nyumba ile mimi ndiye binti mkubwa aliyebaki, nafasi yangu ni pale kichwani pa kaburi. Kule Mgeta gari linaishia chini ya mlima, kutoka pale ni saa nzima ya kupanda kwa miguu. Nilipanda robo ya njia, Dada Shakila, robo tu, miguu ikakataa, nikakaa kwenye jiwe pembeni ya shamba la watu, waombolezaji wakanipita na misalaba na mashada, wananipa pole kana kwamba mimi ni mgeni. Nikasikia nyimbo za kanisani huko juu, kisha kimya, nikajua ndiyo anashushwa. Nilimzika mama yangu kwa masikio.

Baadaye watoto wanne wa dada zangu wakaja kunichukua kwa machela ya miti na kanga, wakanishusha mteremko mzima, na watu waliokuwa wamechelewa wakadhani mimi ndiye maiti, mzee mmoja akavua kofia.

Usiku wa matanga nikasimama mbele ya ukoo wote, nimeshikilia nguzo, nikasema, "Sitameza kidonge kile tena. Hata kimoja. Anayetaka kunilaumu anilaumu sasa." Anselmi akainua mkono wake mbovu kwa ule mzima, akaniambia, "Dada, utazame huu kwanza." Nikamwambia, "Nimeutazama miaka miwili. Lakini wewe miguu yako ilikufikisha kaburini leo, yangu haikunifikisha." Witness akalia. Mimi vidonge nikavimwaga chooni palepale Mgeta.

Sasa sikia. Nikakaa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, nasubiri miguu ipone maana dawa nimeacha, haiponi, inazidi. Mume wangu Godlisten, mtu wa Moshi, fundi mstaafu wa kiwanda cha sukari, mpole, hajawahi kunipandishia sauti miaka thelathini, tangu matanga ndiye ananipikia uji, ananiletea kitandani, nikasema Mungu ameniona. Ijumaa iliyopita niliamka mapema nikaenda jikoni mwenyewe, nimeshika ukuta, nikamkuta anaponda kitu kwenye sahani kwa kitako cha glasi.

"Godlisten, nini hicho?"

"Sukari."

"Sukari inapondwa?"

Nikachukua kile kikaratasi kilichokuwa pembeni, nikasoma, ni jina lilelile. Alivinunua upya duka la dawa. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu tumetoka msibani. Nikamuuliza kama Witness anajua, akasema hajui mtu. Halafu akaanza kulia, mtu mzima na mvi zake, akasema, "Mama Witness, siwezi kukukatia nyama. Chochote kingine nitaweza, hicho siwezi."

Uji nikaumwaga mbele yake. Nimehamia chumba cha Witness, napika chungu changu, maji yangu nayafungia. Majirani wanasema mwanamke gani huyu, mume anakupikia uji na wewe unagomba. Mchungaji wake amekuja kusema alifanya kwa upendo. Nikamwambia mwizi wa kuku naye anampenda kuku.

Sasa nikwambie na lile ambalo hakuna anayelijua, kwa sababu nimesema siri zimenichosha na langu lisibaki. Miaka kumi na moja iliyopita nilitolewa goita kwa upasuaji, tezi ya shingoni ikaondolewa karibu yote, wakaniambia nitameza kidonge cha thairoksini kila asubuhi maisha yangu yote. Nikameza miaka tisa. Kisha nikachoka. Si hela, hela ninayo. Nilichoka kuanza kila siku kwa kukumbushwa kwamba mimi si mzima, na nilichoka na watoto wa mtaani walioniita Mama Rovu, ndiyo maana mtandio hautoki shingoni mwangu. Tangu Pasaka ya mwaka juzi nakata kidonge nusu, nakishushia na chai ya maziwa, na kliniki ya tezi sijakanyaga tena, na hakuna lililonipata. Yule kijana wa kliniki aliponiuliza, "Una ugonjwa mwingine wowote?" nilisema sina, mtandio ukiwa shingoni.

Basi nijibu bila kuzunguka. Nina haki ya kukataa dawa au sina? Nihame nirudi Mgeta kwa ukoo wangu au nikae na mtu anayenilisha nisichokijua? Nisamehe mwandiko, mikono nayo imeanza kuchoka, na siku tatu hizi hata mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, sijui ni haya maji ya Kihonda. Lakini akili yangu ni timamu na msimamo wangu ni uleule.

Eufrazia Kobelo, Kihonda.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu Eufrazia, marahaba.

Barua yako nilianza kuisoma nimekaa, nikafika kwenye mkojo nikasimama. Wasomaji wanaona jibu langu leo, wiki tano baadaye, lakini wewe unajua kwamba sikungoja gazeti. Umeniruhusu nisimulie yaliyofuata, na nitayasimulia, maana wako wengi wenye mtandio shingoni na siri chini yake.

Nilichukua simu nikapiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha.

"Eufrazia, leo mkojo una rangi gani?"

"Ndiyo salamu yenu hiyo huko gazetini?"

"Ndiyo. Una rangi gani?"

"Ileile. Chai ya rangi."

"Vaa viatu uende hospitali. Si kliniki ya kuchua, hospitali. Sasa hivi."

"Mimi nimekuuliza haki yangu, wewe unaniambia viatu!"

"Haki yako haina kazi ukifa, mama. Vaa viatu."

Ukaniambia huendi na Godlisten. Nikakwambia nenda na umtakaye, nenda na karoti zako, ila nenda. Ukapanda bajaji peke yako, na yeye akapanda ya nyuma, mkafika pamoja bila kusemezana. Ulipofika, daktari wa zamu, mwanamama, alikuuliza swali lilelile la yule kijana, una ugonjwa mwingine wowote? Na wewe, hapa ndipo nilipokupenda, ukavua mtandio.

Mimi si daktari. Yaliyotokea nayaeleza kama ulivyonieleza wewe, na kama daktari huyo alivyonielewesha nilipomuuliza kwa idhini yako. Vipimo vilionyesha homoni ya tezi imekwisha mwilini mwako, imebaki ya kulambia tu. Tezi yako ilikatwa, na hicho kidonge ulichokuwa unakikata nusu ndicho kilichokuwa tezi yako. Homoni ikipungua, ini linashindwa kuondoa lehemu kwenye damu, inajaa hata kwa mtu anayekula kabichi. Ukamuuliza yule kijana mafuta yanatoka wapi. Swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu lake, lakini jibu ulikuwa nalo wewe, umelifunga shingoni.

Kuna na la pili. Mtu mwenye upungufu wa homoni hiyo, misuli yake tayari ni dhaifu, na dawa za statini zinaweza kumuumiza misuli kuliko zinavyowaumiza wengine. Kwako zilifika mbali: misuli ilianza kuvunjika, uchafu wake ukaingia kwenye damu, figo zikawa zinahangaika kuutoa. Ule ndio weusi wa mkojo. Maji ya Kihonda hayakuhusika. Ukalazwa siku tano na dripu mkononi, statini ikasimamishwa, thairoksini ikaanzishwa tena kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu, na figo, tunashukuru, zimerudi. Ungengoja wiki nyingine, barua hii ingejibiwa kwa salamu za rambirambi.

Siku uliyoruhusiwa ulinipigia, sauti imeanza kupata nguvu, ukaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa sahihi?"

Nikakwambia, "Nusu. Kama kidonge chako."

Ulikata simu. Ukapiga tena baada ya dakika kumi. Ndivyo nilivyojua utapona.

Sasa nikujibu uliyoyauliza. Una haki ya kukataa dawa? Unayo, na asikudanganye mtu, awe na koti jeupe, awe na biblia, awe na pete ya ndoa. Uliposema miguu inauma, miguu ilikuwa inauma kweli. Walikuwa na wajibu wa kukusikiliza, si kukupa cha kuchua. Uliposimama msibani ukashikilia nguzo ukasema hapana, hapana yako ilikuwa na sababu, ingawa wewe mwenyewe hukuijua yote. Lakini nikugombeze kidogo, maana huruma umeikataa. Mtu anayekataa dawa anakaa mbele ya daktari, anasema nina hiki na hiki, kimenifanya hivi, nipe njia nyingine. Wewe ulimpa daktari nusu ya habari na mwili nusu ya dawa, halafu ukashangaa mambo kwenda upogo. Watoto wa mtaani walikuita Mama Rovu. Wamekua, wengine leo wananunua nyanya gengeni kwako na hawakumbuki. Wewe ndiye uliyeendelea kuwatii miaka kumi na moja.

Kuhusu Godlisten. Majirani wasikuzibe mdomo na mchungaji asikuharakishe. Alichofanya ni kosa, na kingekuua, kwa sababu wewe ulikuwa unahesabu siku za kupona huku yeye anakuongezea kinachokuumiza, na hakuna daktari ambaye angejua kwa nini. Machozi hayabadilishi hilo. Hofu yake ninaielewa, nimemsikia kwenye simu, alinipigia mwenyewe, akaniambia, "Mama, mimi niliona mkono wa shemeji yangu tu, nyuma yake sikuona kitu." Nikamwambia anayeogopa anasema, "Naogopa." Hapondi vidonge alfajiri.

Usirudi Mgeta sasa. Si kwa ajili yake, kwa ajili ya mapaja yako, ile njia haijapungua. Baki chumba cha Witness mpaka wewe utakapotaka kutoka. Muite Anselmi, muite Witness aje, na Godlisten aseme mbele yao kwa kinywa chake alichofanya na kwa siku ngapi, kwa sababu ulikataa mbele ya watu na yeye alikupindua gizani. Akiweza kusema, mnaweza kuanza kuzungumza. Asipoweza, ukoo wako una nyumba na una jina lako, miguu ikipona utapanda.

Sasa dawa, na hapa sikuombi, nakuagiza. Thairoksini unameza kiasi alichoandika daktari, asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na chai ya maziwa ingoje saa nzima. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma au vya mifupa, uliza uvimeze saa ngapi, maana vikikutana na thairoksini vinaizuia kuingia mwilini. Hukati, huongezi, huruki siku. Statini huigusi, na wala asikuletee mtu majani ya kushusha mafuta kutoka sokoni, kwa sasa ini na figo ziachwe zipumue.

Wiki nane tangu uanze tena thairoksini zikitimia, utapimwa tezi, misuli na lehemu. Huenda daktari akasema tezi bado haijatulia, ngoja tena, utangoja. Tezi ikitulia ndipo lehemu itasema ukweli wake. Kama imeshuka yenyewe, pengine huo mjadala mliougombania ukoo mzima umeisha. Kama bado iko juu, sitakudanganya ili unipende: kaka wa tumbo moja amepigwa kiharusi, na hilo haliondoki kwa sababu wewe ni jasiri. Hapo daktari anaweza kukuambia tujaribu tena, aina nyingine, dozi ndogo, kwa kupima misuli kila mara, au dawa isiyo statini kabisa. Sikiliza. Uliza hatari ya kumeza ni kiasi gani kwako, na hatari ya kutomeza ni kiasi gani kwako, si kwa watu wengi, kwako. Kisha uamue. Ukikubali, maumivu ya kwanza ya misuli yakianza unakwenda siku hiyohiyo. Ukikataa, unakataa huku unajua, unarudi kupimwa, unafanya mengine yote atakayokuambia.

Nanyi wasomaji mnaomeza statini na hamna maumivu, msije mkazimwaga chooni kwa sababu ya Eufrazia. Zinawaokoa watu wengi, na zingemfaa pengine na Anselmi kama angezipata mapema. Ila mwenye tezi iliyokatwa, au anayehisi baridi wenzake wakitoka jasho, amwambie daktari kabla ya kuandikiwa chochote, na aombe tezi ipimwe.

Siku ya miadi yako ya vipimo hivyo ni Jumatatu ya tarehe kumi na mbili, saa mbili asubuhi. Kunywa maji tu kabla ya kwenda, wasije wakakurudisha. Andika maswali yako kwenye karatasi kwa mwandiko mkubwa, na ukifika usiyasome kwa aibu, yasome kwa ile sauti uliyotumia msibani. Daktari akikwambia, "Meza tu," muulize, "Kwa nini?" Akikasirika, vuta kiti ukae, umuulize tena.